Mbweha na Mlima wa Hakamäki

Jumatatu, 9 Februari

Nyuzi ishirini na moja chini ya sifuri. Mbweha kawaka mara ya pili. Si haba, kwa gari la karibu miaka hamsini. Mimi nina hamsini na nne na asubuhi siwaki hata mara ya nne.

Habari mbaya. Dada yangu Eija kapata mnunuzi. Bwana mmoja wa mji wa Turku anayekusanya sedani za spoti za zamani. Anazifungia kwenye ghala lenye joto na kuzitoa Juni tu. Juni! Anataka kuja Jumapili kumchukua Mbweha. Eija anasema gari la kukimbia, fupi kama sahani, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, halina kazi katika nchi yenye theluji miezi sita. Anasema tangu Baba afariki nimelivuta kutoka mitaroni mara nyingi kuliko nilivyoliendesha. Nimekanusha kabisa. Mimi silivuti. Jirani yangu Ismo ndiye hulivuta.

Tumebishana kwenye simu hadi masikio yakapata moto. Mwisho tukakubaliana. Jumamosi Mama anatimiza miaka themanini na tano, na kahawa ya sherehe itanywewa ukumbi wa parokia, juu kabisa ya Hakamäki. Nikimfikisha Mama pale kwa Mbweha, bila kusukumwa na bila kamba, gari linabaki kwetu. Nikishindwa, linakwenda Turku. Nikasema sawa, kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya.

Mchana nikaenda kujaribu. Nikafika kwenye msonobari uliopinda, nusu ya mlima. Hapo nyuma ya gari ikaamua kutangulia. Tukateremka kinyumenyume, taratibu, kwa adabu zote, hadi kwenye safu ya masanduku ya barua. Mawili yameanguka. Langu na la Ismo.

Mama akapita na kiti chake cha kuteleza, kile anachokisukuma kwa mguu mmoja tangu nikiwa mdogo. Alikuwa anakwenda dukani. Akaniuliza kama nataka aniletee chochote, maana anaona nitakaa.

Ismo akaja na lile gari lake refu, magurudumu manne yote yanavuta. Akashusha kioo akauliza: "Vipi Ilpo, Mbweha kalala?" Nikamwambia anapumzika.

Jumanne, 10 Februari

Nimefikiri usiku kucha, yaani dakika ishirini kabla ya kusinzia. Tatizo ni uzito. Injini iko mbele, kazi inafanywa nyuma, na nyuma hakuna kitu. Kinachotakiwa ni kitu kizito cha kutia kwenye buti.

Mchanga umeisha dukani. Lakini sauna ya nyumba zetu sita, chumba tunachoogea mvuke, ina jiko, na jiko lina mawe ya kumwagia maji. Kilo arobaini za mawe mazuri, yamekaa bure! Nikayahamisha kwa ndoo mbili. Mke wangu Merja akauliza ninafanya nini. Nikasema usafi.

Kwenye kona ya kwanza mawe yote yakaenda kushoto. Kwenye kona ya pili yakaenda kulia, na moja likaendelea na safari. Limetokea kwenye taa ya nyuma, kutoka ndani.

Nilisahau kwamba Jumanne jioni ni zamu ya Ismo kuoga. Alikaa juu ya benchi uchi kama alivyozaliwa, akachota maji, akayarusha juu ya jiko, akasubiri mvuke. Anasema ilitoka sauti ya bakuli la bati.

Jumatano, 11 Februari

Mawe nimeyarudisha. Pamebandikwa tangazo mlangoni mwa sauna: "Mawe ya jiko ni mali ya wakazi wote." Halina jina. Mwandiko ni wa Ismo.

Nilipokuwa natafuta balbu ya taa, nikapekua kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria. Chini ya vitambaa vya kufutia vioo kulikuwa na kidaftari cha Baba! Jalada jeusi, kinanuka petroli. Safari zake zote za majira ya baridi, kwa penseli, herufi ndogo kama sisimizi. Nikaketi humo garini hadi miguu ikafa ganzi.

Baba Vilho alikuwa mkata magogo. Watu wa kazi yake walinunua magari ya kubebea misumeno. Yeye akaja na sedani ya rangi ya chungwa yenye usukani mdogo na mlio kama wa kunguruma kooni. Kijiji kizima kilitoka kuangalia. Wakasema haitamaliza baridi moja. Kila Jumapili ya theluji aliniamsha mapema, akasimama mlangoni na koti tayari, akisema: "Haya, twende tukamtembeze Mbweha." Mimi na Eija nyuma, soksi za sufu, glavu zimelowa, madirisha yana ukungu wa pumzi zetu. Juu ya Hakamäki kulikuwa na kibanda cha Mama Lempi. Baba alikunywa vikombe vitatu vya kahawa, sisi maziwa ya moto. Kiangazi hakutuchukua hata siku moja. Kiangazi alikwenda peke yake. Lakini majira ya baridi yalikuwa yangu.

Nikafungua ukurasa wa Februari 1977. Nimeuona! Umeandikwa hivi: "Hakamäki. E 34, I 18. Kapanda vizuri."

Siri ya Baba! Ni upepo wa matairi, nini kingine? E ni "etu", yaani mbele kwa lugha ya kwetu. I sijui ni nini, lakini kama E ni mbele basi I haina pa kwenda ila nyuma.

Alhamisi, 12 Februari

Mbele 34. Nyuma 18. Kijana wa kituo cha mafuta alisema hajawahi kusikia. Nikamwambia hakuwa amezaliwa.

Nimeupita msonobari! Kwa urefu mzima wa gari! Kisha nikarudi kwenye masanduku ya barua, lakini nilirudi kutoka mbali zaidi, na hilo ndilo la kuangalia. Ismo anasema ni kwa sababu lori la manispaa lilikuwa limetoka kumwaga kokoto dakika tano kabla. Nimemwambia aoge.

Ijumaa, 13 Februari

Theluji imeanguka kutwa. Sentimita thelathini. Laini, nzuri, ya kuchukiza.

Ismo kaja kugonga. Kajitolea kumpandisha Mama kesho kwa gari lake, eti kuna viti vyenye joto. Nikamshukuru huku nimeuma meno. Baadaye Merja akanieleza kwa upole kwamba Mama ana miaka themanini na tano, si mfuko wa mchanga wa kujaribia. Nikamwambia nina daftari la Baba. Akanitazama kama anavyomtazama paka wetu akiwa ametazama ukuta muda mrefu.

Nimempiga Mbweha nta. Haisaidii kupanda. Lakini kama ni mara ya mwisho, aende akiwa safi.

Jumamosi, 14 Februari

Naandika nikiwa macho kabisa, sehemu kwa furaha, sehemu kwa vikombe sita vya kahawa.

Merja alitangulia ukumbini kupanga meza. Mama aliketi mbele, kofia ya manyoya, mkoba magotini. Nyuma yetu lilifuata gari la Ismo, na ndani yake Eija, shahidi, keki ya krimu mapajani. Nilimtoa Mbweha chini kwa kasi niliyoiona ya kufaa. Mama akasema Baba hakuwa na haraka hivyo. Nikamwambia nyakati zimebadilika.

Msonobari. Magurudumu yakaimba. Tukasimama palepale.

Kwenye kioo nikamwona Eija anashuka, anatembea kuja kwetu na keki yake. Uso wake wote ulikuwa Turku.

Nikamwambia Mama nimefanya kila kitu kama Baba alivyofanya. Nikampa kidaftari, ukurasa wa 1977. Akausoma bila miwani. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi kofia ikaanguka kwenye breki ya mkono.

"Wewe mtoto," akasema, "E ni Eija. I ni Ilpo."

Nikamwuliza Ilpo yupi.

Akasema nesi alitupima, Eija shuleni, mimi kliniki, na Baba akaziandika kilo zetu, maana gari lilikuwa jepesi nyuma na halikuweza kupanda likiwa tupu. Ndiyo sababu alituchukua baridi tu. Kiangazi hakuhitaji uzito.

Nje theluji ilikuwa inaanguka juu ya boneti na kuyeyuka. Miaka arobaini na tisa nimeamini kwamba mtu yule alisimama mlangoni na koti langu kwa sababu alitaka niwepo. Kumbe nilikuwa mzigo wa buti. Nikamwambia Mama hivyohivyo.

Mama akanigeukia. "Kilo kumi na nane! Una akili kweli? Ghala la chini ya nyumba lilikuwa limejaa viazi, kila gunia kilo hamsini. Na viazi havikuuliza maswali njia nzima wala havikutapika kwenye kiti. Magunia mawili yangemaliza kazi. Akaja kukuamsha wewe."

Nikafuta kioo, ingawa hakikuwa na ukungu.

Eija akagonga dirisha kutangaza kwamba mambo yameisha. Mama akashuka, akazunguka, akafungua mlango wangu, akaniambia nitoke. Nikatoka. Akaniambia niingie nyuma. Nikaingia. Akamwambia Eija naye aingie. Eija akasema yeye ni shahidi. Mama akasema hata shahidi anaruhusiwa kukaa.

Leseni ya Mama ilitiwa muhuri wa daktari Oktoba iliyopita. Nilikuwa nadhani ni utani.

Akavuta kiti mbele hadi kidevu kikawa juu ya usukani. Akamwacha Mbweha ateremke hadi chini kabisa. Akatia gia ya pili, siyo ya kwanza. Hakukanyaga mafuta, aliyagusa tu, kama mtu anayebembeleza ng'ombe aingie zizini. Mbweha akanguruma kooni, akashika. Mimi na Eija bega kwa bega, magoti mdomoni, keki katikati. E hakutaka kusema ni ngapi siku hizi. I ni 96, na hiyo ni kabla ya sherehe.

Msonobari ukapita. Kwenye kona ya juu mkia ukateleza kando, kama zamani, na Eija akapiga ule ukelele wake wa mwaka 1977, uleule, akanishika mkono wa koti. Mama akazungusha usukani kidogo tu, kwa vidole. Mkia ukarudi. Tukafika.

Ismo alitupita kwenye kona na kufika kabla yetu, bila shida yoyote. Hakuna aliyemwangalia.

Mezani Eija akajikumbuka. Akasema sharti lilikuwa mimi nimfikishe Mama, na ukweli ni kwamba Mama kanifikisha mimi. Turku palepale. Nikafuta krimu kwenye nyusi.

Mama akauliza Turku ni nani. Akaelezwa. Akatafuna mkate wake wa iliki hadi mwisho, akasema hati ya gari iko kwenye droo yake, chini ya vitambaa vya meza, ina jina lake tangu Vilho alipofariki, na inamshangaza kusikia kuna watoto wanaoiuza.

Kisha Eija akatoka nje na simu. Aliporudi pua ilikuwa nyekundu, labda kwa baridi. Akauliza kama Jumamosi ijayo kuna mahali tunakwenda.

Jumapili, 15 Februari

Bwana wa Turku hakuja. Mbweha yuko chini ya dirisha, amechomekewa waya wa kupasha injini, ana doa la krimu kwenye kiti cha nyuma. Mama ametoa amri: kiangazi naruhusiwa kuendesha. Baridi nakaa nyuma.

Mama anasema ni uzito. Eija anasema ni uzito. Merja kasema ni uzito kabla sijamwuliza. Sitaki kubishana na wanawake watatu. Naandika tu, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba tulipopanda matairi ya mbele yalikuwa bado 34 na ya nyuma 18. Kila mtu aamue mwenyewe.

Tena nimepata kubwa zaidi. Ukurasa wa Machi, mwaka uleule: "Juu, kwa Lempi. K 3, M 2. Siku nzuri kupita zote."

K ni kabureta, hilo halina mjadala. Skrubu, mizunguko mitatu. M bado naitafuta. Nimekwenda kwa Ismo kuazima bisibisi. Akautazama ukurasa muda mrefu, akauliza kama Lempi si yule mama aliyekuwa akiuza kahawa na maziwa pale juu. Nikamwambia asibadilishe mazungumzo, hapa tunaongea mambo ya injini.

Baba hakuandika kitu bila sababu. Bisibisi ninayo.