Uma Zangu, Makucha Yake na Kisiki cha Mkuyu

Jumapili, 2 Machi

Nimepata uma! Si za mezani. Uma za chuma, mbili, ndefu kuliko miguu yangu, za kufunga mbele ya trekta. Aliyeniuzia alisema ni za kubebea chaga, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo ghalani, basi. Nikamwambia chuma hakijui kazi yake mpaka kikutane na mwenye akili. Akanitazama sana. Wivu.

Trekta langu naliita Bibi Harusi, kwa sababu huenda polepole na kila mtu husimama kulitazama.

Mchana tulikula na ukoo mzima wa mke wangu. Jambo lenyewe: Mama Mkwe anahamia kwetu. Atajengewa kijumba nyuma ya nyumba yetu, kwenye kile kiwanja chenye magogo, matawi na kisiki cha mkuyu tuliouangusha mwaka jana. Saruji ipo tayari, imepangwa barazani. Fundi mwashi anakuja Jumamosi asubuhi, na amesema wazi: akikuta kisiki hicho bado kimekaa, anageuza baiskeli, na hatarudi mpaka mvua ziishe. Sasa mvua zikianza, Mama Mkwe atalala wapi? Mke wangu alijibu bila hata kumeza: kwenye banda la trekta. Na trekta? Nje. Au liuzwe.

Bibi Harusi! Nje! Kwenye mvua!

Shemeji, kaka yake mke wangu, akasafisha koo. Yeye trekta lake lina makucha, yale yanayofumba na kufumbua mbele kama mkono wa kaa. Akasema angekuja kesho amalize kabla ya chai. Nikasimama na mfupa wa kuku mkononi. Nikasema makucha ni ya mwewe, uma ni za watu waliostaarabika. Nikasema asiguse hata kijiti. Nikasema nikishindwa nitamwita Bwana Mkubwa mbele za watu mwaka mzima. Akasema haya, Injinia. Watu wakacheka. Mama Mkwe alicheka mpaka akashika kitambaa cha meza, sahani zikamfuata.

Nampenda mama yule. Banda hataliona.

Jumatatu, 3 Machi

Magogo! Uma zinaingia chini ya gogo kama mkono chini ya mtoto aliyelala. Nainua, napeleka pembeni, nalaza. Chai ya saa nne ilinikuta naimba. Mama Mkwe ameshakuja na masanduku yake. Leo alileta kiti, kikombe na mwavuli, akakaa kama yuko uwanja wa mpira. Kila gogo, makofi.

Kisha matawi. Hapa sitaandika sana. Gogo ni mtu mzima, tawi ni mtoto wa mjini. Unabeba rundo zima, ukianza kwenda moja linachungulia kushoto, jingine kulia, mengine yanapita katikati ya uma kama maji. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Mimi nimepata nafuu mno: niliondoka na rundo kama kibanda, nikafika na kijiti. Mama Mkwe alikipigia makofi nacho.

Shemeji alipita barabarani. Makucha yake yamekumbatia rundo la matawi ya mtu mwingine, halidondoshi hata jani. Barabara hii si njia yake! Akapiga honi. Nikampungia kijiti changu.

Jumanne, 4 Machi

Jibu nimelipata nikipiga mswaki. Uma zinataka kitu cha kushikilia mzigo kutoka juu, kama dole gumba. Chuma ninacho. Geti! Nyumba yetu ina geti la nini? Tunaibiwa nini sisi?

Mke wangu alikuwa kazini. Sikumuuliza ili nisimsumbue. Fundi wa kuchomelea, ambaye tunamwita Cheche, aliniuliza mara tatu kama mwenye nyumba anajua. Nikamwambia mwenye nyumba ni mimi. Akasema analijua hilo, ndiyo maana anauliza. Mwishowe akakata, akakunja, akachomelea, na mchana nikawa na makucha yangu mwenyewe. Ya Shemeji yanafumba kwa nguvu ya mafuta. Yangu yanafumba kwa kamba ninayovuta nikiwa kitini, na dua.

Matawi yameisha! Yote! Viganja vimechunika, lakini yameisha.

Mke wangu aliporudi alisimama pale palipokuwa na geti. Alisimama sana kwa mtu asiye na kitu cha kufungua. Ndani, mbuzi wa jirani walikuwa wanakula shuka zake kwenye kamba, na beberu amekaa kwenye kiti cha Bibi Harusi, anatazama mbele kama mwenye leseni. Mke wangu akauliza geti liko wapi. Nikamwambia liko kazini, si kama mageti ya wengine yanayosimama tu mchana kutwa.

Chakula cha jioni nilijipakulia mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Leo kisiki. Asubuhi nilichimba kukizunguka, nikakata mizizi kwa shoka. Mkuyu ule ulikuwa na mizizi kama ukoo wa mke wangu: ukidhani umemaliza, wanatokea wengine. Nikasukuma uma chini yake. Nikainua.

Kikainuka! Kumbe si kisiki. Ni trekta. Matairi ya nyuma yaliacha ardhi, nami nikapaa kitini, nikawa nawatazama watu kutoka juu kama mhubiri. Mama Mkwe akapaza sauti kwamba aliye juu mngoje chini, na nisiwe na haraka, wao wapo tu. Nilishuka kwa kishindo. Uma mmoja umepinda ncha, unaning'inia kama ulimi wa mbwa mwenye kiu.

Tatizo dogo sana: mbele pazito, nyuma pepesi. Mama Mkwe, ambaye Mungu hakumnyima mwili, akafunga mwavuli akasema atakaa nyuma yeye, uzito anao na leo hana kazi. Nilikataa. Mimi nina mipaka. Ni mmoja tu, lakini ni mpaka.

Halafu macho yangu yakaenda barazani. Saruji! Mifuko mizito, imefungwa vizuri, inakaa bure mpaka Jumamosi. Nikatundika kasha la mbao nyuma ya trekta, nikapanga mifuko yote humo. Bibi Harusi akatulia kama aliyeolewa kweli. Nikainua tena, kisiki kikacheza! Kama jino bovu, huku na huku!

Ndipo mvua ikashuka, bila hata radi ya kubisha hodi. Turubai nilikuwa nalo moja. Nikafikiri haraka, kama kawaida yangu, nikafunika injini. Mashine hushikwa na mafua.

Alhamisi, 6 Machi

Saruji haihitaji turubai, nilidhani. Imo kwenye mifuko.

Imeganda. Mifuko yote imekuwa jiwe moja lenye umbo la kasha. Mke wangu aliligonga kwa kidole. Halafu kwa ngumi. Halafu akanitazama mimi, nikarudi nyuma hatua moja.

Nikamwelekeza upande wa heri: sasa tuna uzito wa kudumu. Akaingia ndani. Nikasikia godoro la mama yake linaburutwa kuelekea bandani.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Nimeandika kwa herufi ndogo ili iwe mbaya kidogo.

Nilivuta kisiki, kikakataa. Nikavuta kamba, makucha yangu ya geti yakang'oka, yakaruka, yakatua palepale geti lilipokuwa. Mbuzi wakayapita pembeni. Uma wa pili nao umepinda kidogo, kumfariji mwenzake. Fundi anakuja kesho.

Mama Mkwe alikuwa bandani, anafagia majani, anaimba. Anapapima kwa hatua za miguu, kitanda huku, sanduku kule. Akasema pazuri tu, pananukia dizeli lakini pazuri, na nisijisumbue, mwanangu. Hakulalamika! Angalau angelalamika!

Akaniketisha juu ya ndoo. Akasema kuomba hakumpunguzii mtu kimo. Akanikumbusha kwamba siku niliyokuja kwake kuomba mke nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima, kimoja kikubwa kuliko kingine, na bado alinipa binti. Sasa kumwomba Shemeji kuna nini?

Nikaenda. Nikamkuta kiwanjani kwake, trekta linaunguruma, makucha yameelekea kwetu. Akasema alikuwa analipasha moto tu. Nikafumba macho, nikasema: Bwana Mkubwa, nisaidie. Mke wake, aliyekuwa mlangoni, akasema hakusikia. Nikarudia. Akasema basi alisikia mara ya kwanza, ila ilikuwa tamu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku tukufu! Andika kwa wino wa dhahabu!

Shemeji alifika na jua. Makucha yakakiuma kisiki, yakafumba. Akainua. Na trekta lake nalo likainuka nyuma! Bwana Mkubwa akapaa! Nilicheka mpaka nikapiga magoti. Mama Mkwe akamwambia na yeye kwamba aliye juu mngoje chini, kwamba hapa kwetu ndiyo njia ya kushukia.

Nikainuka, nikajipangusa, nikamwonyesha kasha langu. Tukalishusha kwa Bibi Harusi, tukalitundika nyuma ya trekta la Shemeji. Jiwe langu, makucha yake. Akainua taratibu. Mizizi ikalia krrr, kisiki kikaacha ardhi kama mgeni aliyekaa sana. Akakitikisa udongo ukadondoka, akakiweka juu ya magogo. Tukakumbatiana. Tukakumbuka, tukaachana.

Mwashi akaingia na baiskeli. Akakizunguka kiwanja, akaridhika. Akaomba saruji. Nikamwonyesha. Akaigonga kwa mwiko, ikalia ngaa. Akasema ataizika msingini kama jiwe, ni jiwe zuri, lakini ili jiwe lishikane na jiwe anahitaji saruji, na hili alidhani watu wanalijua.

Shemeji akasema huyo anayejengewa ni mama yake pia. Akapiga simu. Lori likaja na saruji ya nyumba yake mwenyewe, mifuko imefungwa juu ya chaga. Akaenda na makucha yake kuipakua. Yakafumba. Mfuko wa kwanza ukapasuka, akawa mweupe kuanzia kofia hadi viatu, macho tu yanapepesa. Akaniita. Hakuniita Injinia kwa kejeli. Aliniita Injinia kwa shida.

Nikamleta Bibi Harusi polepole, watu wakasimama kumtazama. Uma zikaingia chini ya chaga. Upande ule uliopinda ulilalia kidogo, lakini nikainua, nikageuka, nikaweka saruji yote mbele ya mwashi. Mama Mkwe alisimama kitini kwa makofi. Akasema kumbe kazi yake uma hizi ndiyo hii. Aliyeniuzia alikuwa na maneno kama hayo, sikumbuki vizuri, nilikuwa namtazama jinsi anavyonionea wivu.

Kamba za kupimia zikavutwa. Mtaro wa msingi ukachimbwa. Mama Mkwe atapata nyumba!

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu ametoa hukumu. Nyumba ikiwa bado inajengwa, mama yake atalala naye chumbani. Mimi nimepewa banda, na trekta libaki humohumo tukae pamoja tupatane. Amenitoa bila hasira, hata alicheka kidogo mlangoni, akanipa mto mzuri na kitanda cha chuma cha zamani. Sikumwambia kwamba huu ndio ushindi. Niko na Bibi Harusi wangu, mkavu!

Nimekaa nimetafakari wiki nzima kama mtu mzima. Somo nimelipata. Wazo lilikuwa sahihi kabisa. Geti ndilo lilikuwa dhaifu.

Jirani mwenye mbuzi ana visiki vya miembe nyuma ya zizi. Alikuwa ameshamwita Shemeji. Nimemwambia amkatalie, asiguse hata kijiti, nitakuja Jumanne na uma zangu. Ni suala la chuma cha kushikia juu tu. Chuma kinene. Chenye mkunjo.

Kitanda hiki kina chuma kinene sana, na pande zote mbili tayari kimekunjwa. Mke wangu ananijua jamani! Kesho Cheche akifungua karakana tu atanikuta mlangoni. Nitalala chini, sakafu haijawahi kumuua mtu.