Mfuniko wa Mshiriki Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha idara. Mkuu wa idara ametangaza kwamba Jumatatu ijayo atachagua mahojiano bora ya utafiti wetu kuhusu wazee na afya zao. Mwenye mahojiano hayo ataongoza timu kwenye kongamano, na maneno ya mzee wake yatatumika kuwafundisha wanafunzi wa tiba kwa shughuli. Tumebaki wawili: mimi na Bi Sikio. Jina hilo nimempa mimi, kimoyomoyo.

Kaja juzijuzi tu. Mimi nina miaka kumi na minne hapa, nimefundisha mamia ya vijana namna ya kumrudisha mgonjwa kwenye kuvaa, kupika na kufunga vifungo vyake mwenyewe. Lakini mzee akikaa na Bi Sikio nusu saa, anamwaga yote ya moyoni. Wazee wangu hunijibu ndiyo, kisha huuliza ni saa ngapi.

Mkuu alisoma kipande cha mahojiano yake kwa sauti. Katibu muhtasi akajifuta macho. Yuleyule ambaye mahojiano yangu aliyachapa huku anapiga miayo! Roho iliniuma.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua siri yake. Nilipita mara nne mbele ya chumba chake cha mahojiano, nikijifanya natafuta funguo. Hafanyi lolote. Anauliza swali moja, kisha ananyamaza. Ndiyo kazi hiyo? Hata kabati linanyamaza.

Nikamweleza mke wangu mpango: nami nitanyamaza. Alicheka mpaka akaitua sufuria chini. Akasema nikimuuliza kama amechoka, huwa namjibia kabla hajafungua mdomo. Nikamwambia hajachoka, anatania tu.

Jumatano, 5 Machi

Mahojiano na fundi cherehani mstaafu. Niliweka boksi la karatasi laini mezani kwa ajili ya machozi. Nikamuuliza uzee umemnyang'anya nini, nikanyamaza. Naye akanyamaza. Dakika ya nne nikahisi jambo kubwa linakuja. Dakika ya saba kichwa kikainama, nikajua ni huzuni. Dakika ya tisa akakoroma.

Alipoamka alisema miezi mingi hajapumzika vizuri namna ile, akaomba nimpangie tena wiki ijayo. Akaondoka na boksi langu.

Alhamisi, 6 Machi

Utaratibu wa idara: kila mtafiti husoma mahojiano ya mwenzake na kuandika maoni pembeni, ili jicho la pili lione yaliyompita wa kwanza. Majina hufutwa, hubaki namba. Nimepewa kurasa thelathini na moja za Bi Sikio. Mshiriki Namba Saba, mjane, miaka sabini na minane. Nikafungua kalamu nyekundu mpya.

Nilitafuta udhaifu. Sikuuona, na hilo liliniudhi zaidi. Bibi huyu ana maneno. Anasema vidole vyake vimekuwa vigumu, lakini tabu yake hasa ni mwanawe. Humtembelea kila Jumapili, na kabla ya kuondoka huingia jikoni kukaza kila mfuniko kwa nguvu zake zote, sisimizi wasiingie. Wiki nzima bibi hawezi kufungua sukari. Hunywa chai hivyohivyo mpaka Jumapili nyingine. Bi Sikio akamuuliza kwa nini hamwambii. Hapo imeandikwa: kimya, sekunde ishirini na mbili. Kisha bibi: "Akikaza anafurahi, anajiona amenisaidia. Halafu nimwambie saa ngapi? Akikaa tu, anazungumza yeye."

Nilicheka peke yangu ofisini. Mwana gani huyo? Nikaandika pembeni: "Bonge la mjinga. Achunguzwe." Chini yake: "Mshiriki anatia chumvi. Mtoto wa namna hii hayupo duniani." Najua hayo mawili yanapingana. Nimeyaacha yote, lolote litakalomshusha.

Jumapili, 9 Machi

Kwa Mama, kama kila Jumapili. Sijakaa vizuri, kaniletea kopo la sukari nimfungulie. Akatia vijiko vinne, akanywa kikombe kizima akiwa amesimama. Nikamwonya kuhusu sukari, umri wake si wa kuchezea.

Nikamsimulia habari za Bi Sikio mwanzo hadi mwisho, saa nzima na nusu. Mama alifungua mdomo mara mbili tatu, nikamwambia asijali, nitamshinda. Akauliza kama huyo dada ndiye mwenye miwani ya mnyororo. Nikamwambia ndiye huyo, nikaendelea.

Kabla ya kuondoka nilipita jikoni, nikaweka mambo sawa. Sisimizi wa nyumba ile hawana adabu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesoma maoni yangu mbele ya idara nzima, kwa ile sauti niliyoiandalia kongamano. Niliposema mwana huyo ni aibu kwa aliyemzaa na kwa waliomfundisha, Bi Sikio akaangalia viatu vyake. Nikajua nimempata. Nikaongeza kwamba mzee mwenye vidole vigumu hulegezewa mfuniko, jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Nikamwita mtu huyo Mwana wa Jumapili. Watu wakacheka sana.

Mkuu alisema kwa miaka kumi na minne hajasikia uchambuzi mzuri kama huu kutoka kwangu. Umemfungua macho kabisa, akasema. Kisha akachagua mahojiano ya Bi Sikio. Yataingia kwenye kitabu cha wanafunzi chini ya kichwa "Mwana wa Jumapili".

Nimemtengenezea njia kwa mkono wangu mwenyewe. Yeye ataongoza, mimi nitabeba mabango. Nilimpongeza. Mashavu bado yananiuma kwa kutabasamu.

Jumanne, 11 Machi

Mpango mpya. Fomu ya ridhaa inamruhusu mshiriki kujitoa wakati wowote. Basi Mshiriki Namba Saba ajitoe kwa Bi Sikio, aje kwangu. Nikaenda kituo cha wazee, ambako leo anamhoji tena, nikajibanza nyuma ya pazia la chumba cha mazoezi. Bi Sikio yuko mezani, kinasa sauti mbele yake, fomu namba saba chini ya kiwiko. Aliyekaa naye, anacheka mpaka mabega yanatikisika, ni Mama.

Mama yangu mzazi! Mimi nikimuuliza habari husema nzuri mwanangu, basi.

Nilitoka nyuma ya pazia nikiwa na vumbi kichwani. Nikamuuliza Bi Sikio kwa nini alinificha. Akasema kwa upole kwamba siri ya mshiriki ni siri, na kwamba somo hilo nalifundisha mimi kila Ijumaa. Mama akasema yeye ndiye aliyemwomba anyamaze, kwa kuwa alitaka kuniambia mwenyewe, ila Jumapili hazimpi nafasi. "Huyu dada," akasema, "akiniuliza ananingoja."

Nimerudi kwa miguu. Kongamano ningelivumilia. Lakini kwamba mama yangu ana kurasa thelathini na moja za kumpa mtu mwingine, hilo silivumilii. Nina wivu na sioni haya kuuandika.

Ijumaa, 14 Machi

Siku tatu nimemfikiria huyo mwana. Jibu nimelipata: ni mdogo wangu. Kweli anaishi mbali, na miaka miwili hajakanyaga kwa Mama, na kurasa zinasema kila Jumapili. Lakini wazee huchanganya siku. Nimempigia simu, nikamkaripia vikali kuhusu sukari. Akauliza sukari gani. Mkaidi tangu utotoni.

Mke wangu alikuwa anasikiliza. Alitoka chumbani ameziba mdomo kwa upande wa khanga, bila shaka kwa uchungu.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimekwenda na kinasa sauti changu. Nikamwambia Mama leo anayesikiliza ni mwanawe, amwage yote. Akavuta kiti, akaweka mkono wake juu ya wangu, akasema, "Mwanangu, ile mifuniko..." Nikamwambia najua kila kitu, nimeshamkanya mdogo wangu, suala limekwisha. Akauondoa mkono. Basi nikamweleza jinsi nilivyoumia, kuanzia kile kikao cha kwanza.

Nimesikiliza nilichonasa. Dakika hamsini na mbili. Sauti ya Mama, sekunde kumi na moja. Mashine ni mbovu, haishiki sauti za wazee. Hapo sasa naelewa miaka yangu yote kumi na minne. Nimemwandikia Mkuu kudai nyingine.

Nilipokuwa naaga, Mama alikuwa amelikumbatia kopo la sukari, hataki kuliachia. Umri huo. Nikavibandua vidole vyake kimoja kimoja, polepole, kama ninavyowafundisha wanafunzi, nikaukaza mfuniko vizuri.