Kuhusu Sayari ya Zohali Kukutwa Ndani ya Shimo la Choo Changu

Kwa Bibi Afya wa kata yetu,

Pokea salamu za heshima kutoka huku njia ya Mvumi. Mimi ni Obedi, yule uliyempa mwezi mmoja awe amechimba choo. Naandika kwa adabu zote kukueleza kwa nini agizo lako halitekelezeki, na kwamba kosa si langu.

1. Wiki tatu zilizopita, Jumatatu saa nne asubuhi, nilikuwa nimefika futi ya nne. Nikapumzika kidogo, nikafungua ile programu ya nyota ambayo binti yetu Erica, anayesoma chuo mjini, aliniwekea kwenye simu. Unaielekeza popote, inakutajia nyota au sayari iliyoko upande huo. Kwa kuwa ilikuwa mchana, niliielekeza shimoni. Bibi Afya, chini pale palikuwa na Zohali, pamoja na pete yake. Nilitoka shimoni taratibu.

2. Nikahamia nyuma ya zizi. Huko nikakuta Mwezi wenyewe. Mimi ni mzee wa kanisa, na Pasaka huhesabiwa kwa Mwezi huohuo. Leo niuchimbie choo?

3. Tangu hapo mimi na mke wangu Loisi tunatumia choo cha jirani yetu Matonya, ambaye ufunguo anauvaa shingoni. Mimi naye ni rika moja, tulikwenda jando mwaka uleule, lakini siku hizi hafungui mpaka nimpe shikamoo. Juzi nilikuwa na haraka, nikampa. Imeniuma sana.

4. Loisi ametangaza kwamba choo kisipokuwepo ifikapo Jumapili, anahamia kwa kaka yake huko Bahi. Miaka ishirini na sita ya ndoa, halafu nyumba ivunjwe na sayari!

5. Choo cha Matonya kina futi kumi na mbili. Kama mimi nimekuta Zohali kwenye futi nne, yeye ameshajeruhi nini huko chini? Naomba kifungwe mara moja, waje wataalamu wapime Mirihi imepungua kiasi gani. Loisi atakwenda wapi wakati huo, hilo bado nalitafakari.

Basi naomba karatasi yenye muhuri kwamba kaya yangu imesamehewa kuchimba, nimwonyeshe Loisi kabla ya Jumapili.

Wasalimie wote ofisini, na yule wa bodaboda aliyekuleta. Hata Matonya msalimie, ila shikamoo usimpe kwa niaba yangu.

Wako mtiifu katika usafi,
Obedi

Nyongeza: Loisi ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Hakubishana. Alichukua simu, akaielekeza kwenye sahani yangu ya ugali na mlenda. Zohali ikatokea. Akaiondoa sahani, akasema mzee wa kanisa hawezi kula juu ya sayari. Kisha akaielekeza kitandani, na kitandani pia ilikuwepo.

Kwa hiyo nimerudi shimoni, na barua hii naomba uichane. Ukweli ni kwamba kwenye futi ya nne kuna jiwe kubwa. Simu inaiona sayari iliyoko upande wa pili wa dunia, lakini jiwe lile haikuliona. Mimi nililiona Jumatatu ile, saa nne kasorobo.