Kamati ya Kusimamia Pumzi

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba kuanzia tarehe mosi Machi, 1983, kukimbia bila kibali ni marufuku katika wilaya hii. Anayetaka kukimbia atajaza fomu nakala tatu, aeleze anatoka wapi, anakwenda wapi, kwa kasi gani, na kwa nini asitembee.

Tangazo hilo niliandika mimi mwenyewe, Onesmo Lugata, Katibu wa Kamati ya Kusimamia Pumzi za Wanariadha. Nililibandika mlangoni pa duka la kaya, mahali ambapo watu husimama tangu alfajiri kungoja sukari na kwa hiyo wana nafasi ya kusoma. Jina la wilaya silitaji kwa sababu za kiusalama. Itoshe kujua kwamba iko kati ya Shinyanga na machimbo ya Geita. Nimesikia maneno mengi mitaani kuhusu kamati yetu, na wapo wanaodai kwamba tulikula mayai. Naeleza sasa yaliyotokea, na mtaona kuwa kila tulichofanya kilifuata utaratibu.

Mambo yalianza na barua kutoka mkoani. Kila wilaya ilitakiwa kupeleka Dar es Salaam mwanariadha mmoja wa mita elfu kumi, kwenye mchujo wa timu ya taifa. Sharti lilikuwa moja tu: kwanza azikimbie mita hizo mbele ya afisa wa mkoa, kwa dakika zisizozidi thelathini na moja. Atakayefanya vizuri kwenye mchujo angeajiriwa na shirika la umma huko huko Dar, apewe mshahara na chumba, kazi yake iwe kukimbia. Pamoja na barua zilikuja hati kumi za kusafiria kwa treni. Mwenyekiti wetu, Bwana Stanslaus, ni mtu mwenye upeo. Alizihesabu mara mbili, akasema:

"Mwanariadha mmoja. Kwa hiyo viongozi tisa."

Hivyo ndivyo kamati ilivyopata wajumbe wake. Kilichobaki ni kumpata mwanariadha, suala dogo ambalo tuliliweka chini ya Mengineyo.

Kila tuliyemuuliza alimtaja kijana mmoja wa upande wa Bulyanhulu, Makoye. Tulikwenda kumtazama akifanya mazoezi. Tulibeba viti, meza, na kitambaa cha meza, tukajipanga barazani pa duka la Jashvant, maana barabara ya kwenda mtoni inapita hapo. Jashvant mwenyewe alitutolea chai, akatuambia, "Huyu kijana anapita hapa na gunia la mawe redio ikianza taarifa ya habari. Redio haijamaliza, yeye ameshafika mtoni, ameshamwaga, amesharudi. Mimi siweki saa tena. Naangalia yeye."

Kweli, haikupita muda Makoye akatokea. Alikuwa peku, gunia begani, anatoka duarani, ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo la dhahabu, anapeleka mawe mtoni yakaoshwe. Alitupita kwa kasi hata kitambaa cha meza kikapeperuka. Wakati wa kurudi Mwenyekiti alimsimamisha.

"Kijana, mazoezi unafanya saa ngapi?"

"Mazoezi gani, bhaba?"

"Ya kukimbia."

"Nakimbia nikichelewa."

"Na kocha wako ni nani?"

Makoye alifikiri kidogo. "Mwenye duara. Ukichelewa anampa mwingine gunia lako."

Niliandika: Mwanariadha hana mazoezi, hana kocha, hana viatu. Anahitaji kamati haraka.

Mama yake tulimkuta kando ya duara, anaponda mawe kwa nyundo. Jina lake Mbuke, lakini watu humwita Mama Mahona, kwa jina la mwanawe wa kwanza, ingawa Mahona alifukiwa na shimo lile lile mwaka juzi na alipotolewa hakuwa mzima. Alipiga magoti akatuamkia, kisha akaushika mkono wa Mwenyekiti kwa mikono yake miwili.

"Bhaba, nimebakiziwa huyu mmoja. Mtoeni mle shimoni. Akipata hiyo kazi ya kukimbia, na mimi nitalala usingizi."

Mwenyekiti alimwambia asiwe na wasiwasi, kwani tangu leo mwanawe yuko mikononi mwa serikali. Mama Mahona akaitazama mikono yetu, mmoja baada ya mwingine, akarudi kwenye nyundo yake.

Kambi ilifunguliwa katika nyumba ya wageni ya wilaya, kwa wiki tatu. Siku ya ufunguzi Mwenyekiti alitoa hotuba ya saa mbili, na kiini chake kilikuwa hiki: kasi ni mali ya umma. Mtu anayekimbia ovyo hapa kijijini anaimaliza kasi ambayo taifa linaihitaji Dar es Salaam, na kumaliza mali ya umma ni uhujumu. Kwa hiyo Makoye alikatazwa kukimbia mpaka siku ya mashindano. Alikatazwa pia kupanda ngazi. Asubuhi nilimfundisha somo la Historia ya Mguu, mchana alilala, jioni alikaa kwenye kiti akiutazama uwanja kupitia dirishani.

Kuhusu mayai, ukweli ni huu. Ukoo wake na majirani walichanga mayai na maziwa ya kumjenga kijana wao, wakaleta kila Jumatatu. Kwa usalama wa mwanariadha ilibidi kwanza wajumbe waonje. Chakula cha umma hakiwezi kuonjwa na mtu mmoja, na yai moja haliwezi kusema habari za yai jingine, kwa hiyo kuonja kulikwenda mpaka chini ya kapu. Makoye alipewa ugali na mlenda, vyakula ambavyo mwili wake ulikuwa umevizoea.

Wiki ya pili aliniita dirishani. "Katibu, miguu inaniwasha. Niruhusu nizunguke hata mara mbili."

"Jaza fomu."

Alijaza. Kwa kuwa kamati hukutana kila baada ya siku kumi na nne, jibu lilimfikia siku moja kabla ya mashindano: Ombi lako limepokelewa.

Siku ilifika. Uwanja wa shule ulijaa watu, na wajumbe wote tisa wa kamati tulikaa jukwaani chini ya turubai, kila mmoja na soda yake. Afisa wa mkoa alikuwa Mama Serafina, mwanamke mfupi asiyecheka, mwenye saa ya kupimia iliyoning'inia shingoni. Alikataa soda. Wakimbiaji wengine saba walioomba kushindana tulikuwa tumeshawaondoa kwa kukosa mihuri, hivyo Makoye alikimbia peke yake. Mizunguko ishirini na mitano, na ya kwanza tu ikatosha kumwonyesha kila mwenye macho kwamba miguu yake imekuwa mizito. Mzunguko wa sita akaanza kuhema. Wa kumi na mbili, Mama Serafina aliitazama saa yake, akatikisa kichwa.

"Kwa mwendo huu hafiki. Alikuwa anafanya mazoezi gani?"

"Ya nadharia," nikasema.

Mama Mahona alikuwa amesimama kwenye kona ya uwanja, pindo la kanga kaliuma kwa meno. Nakiri moyo uliniuma kidogo. Lakini nilikuwa nimeshika soda.

Hapo ndipo tuliposikia mwano kutoka upande wa kilimani. Kwa wasiojua, mwano ni yowe la wizi wa ng'ombe, na kwetu Usukumani mtu akilisikia haulizi ng'ombe wa nani. Anaacha jembe, anaacha sahani, anaacha hata harusi yake, anakimbia. Tangu sungusungu waanze kulinda vijiji, sheria imekuwa kali zaidi, na mwanamume mzima anayesikia akabaki amekaa huitwa mbele ya kijiji. Kufumba na kufumbua uwanja ulikuwa mtupu. Alikimbia mwalimu mkuu, akakimbia katekista, hata Jashvant mwenye pumu alifunga duka akakimbia na ndala zake. Makoye alikuwa upande wa pili wa uwanja. Aliitazama njia ya mashindano, akatazama kilima, kisha akaruka ukingo na kwenda zake. Miguu ile iliyokuwa mizito sasa ilikuwa haionekani.

"Ametoka uwanjani bila ruhusa!" Mwenyekiti alifoka. "Katibu, andika: amefutwa."

Nikaandika. Mama Serafina akanigeukia.

"Kelele gani hizo?"

"Mwano, mama. Ng'ombe wameibiwa."

"Na ninyi mbona mmekaa?"

"Sisi ni kamati," nikamweleza.

Alinitazama kama anayetazama chakula kilicholala, akashuka jukwaani, akapanda Land Rover yake na kumwamuru dereva amfuate yule kijana. Sisi tulibaki. Lilitolewa azimio kwamba soda zilizobaki zisiharibike.

Walirudi alasiri, vumbi tupu, wakiimba. Mbele walitembea ng'ombe kumi na mmoja, nyuma yao wezi wawili wamefungwa kamba, na Makoye akiwa katikati ya vijana wenzake. Alikuwa amewakuta wezi mtoni kabla hawajavusha, akawazuia peke yake mpaka wenye pinde walipofika. Mama Serafina alipanda jukwaani na karatasi mkononi.

"Kutoka hapa uwanjani hadi mtoni, geji ya gari inasema kilometa kumi na nusu. Nilipiga saa tangu alipovuka ukingo. Kilometa kumi amezimaliza kwa dakika thelathini na sekunde arobaini. Peku. Na mizunguko kumi na miwili tayari ilikuwa mwilini."

"Lakini amefutwa," alisema Mwenyekiti. "Mashindano ni ya uwanjani."

"Barua inasema mita elfu kumi mbele ya afisa wa mkoa. Haisemi lazima azunguke."

Mwenyekiti aliomba kamati ipewe siku kumi na nne kulitafakari jambo hilo. Kabla Mama Serafina hajamjibu, Mzee Mihayo, mtemi wa sungusungu, alikuwa ameshafika mbele ya jukwaa, upinde mkononi, kijiji kizima nyuma yake. Alituamkia vizuri sana. Hilo lilinitia hofu kuliko upinde.

"Viongozi wetu, mwano mliusikia?"

"Tuliusikia, mzee," alisema Mwenyekiti. "Lakini sisi tulikuwa kwenye majukumu."

"Hata mwenye ng'ombe hakuja. Tumewaangalia, wana alama ya mkato kwenye sikio la kushoto. Nani anaijua?"

Mwenyekiti alisimama. Soda ikamwagika. "Kushoto? Hao ni wa kwangu! Walikuwa kwa shemeji yangu!"

"Na wewe ulikaa?"

"Nilidhani ni ng'ombe wa wananchi!"

Nimehudhuria vikao vingi maishani, lakini jibu kama lile sijaliona katika muhtasari wowote. Kisha wanawake wakaanza kucheka, wakafuata vijana, na hatimaye hata wezi wale wawili katika kamba zao.

Mwenyekiti akatamka kwamba kamati iko tayari kutozwa faini, ng'ombe mmoja kila mjumbe.

"Ng'ombe wenu tumechoka kuwakimbilia," alisema Mzee Mihayo. "Mlikuwa mnasimamia mita elfu kumi? Basi zikimbieni. Kila mmoja mizunguko ishirini na mitano. Mpaka amalize, hakuna wa kumuuzia chumvi, wala wa kumtekea maji, wala wa kumpakia kwenye gari."

Kwa hiyo Jumatano, treni ilipoondoka Shinyanga, Makoye alikuwa ndani, katika kitanda cha daraja la kwanza kilichokuwa kimeandikwa jina la Mwenyekiti, na hati tisa zilizobaki Mama Serafina alizirudisha mkoani. Sisi tulikuwa uwanjani. Mtemi alituhurumia, akaturuhusu kugawa adhabu, mzunguko mmoja kila asubuhi. Watu huja kutazama. Huleta viti. Mwenyekiti hukimbia na koti lake la suti, kwa sababu hataki kuonekana kama mtu anayekimbia. Kazi ya kuhesabu alipewa Mama Mahona. Hajui kuandika, kwa hiyo kila mjumbe amewekewa kirundo chake cha kokoto, na mjumbe akimaliza mzunguko, kokoto moja inahamishwa upande wa pili.

Juzi ililetwa simu ya maandishi kutoka Dar es Salaam, Jashvant akaja kuisoma pale uwanjani. Makoye ametoka wa pili. Kazi amepata, na chumba amepewa, na anaomba mama yake aache kuponda mawe. Mama Mahona hakupiga kigelegele. Aliketi chini, akajifunika uso kwa kanga, akalia mpaka mabega yakatulia. Nami nilifurahi, nasema kweli. Nilikuwa ndiyo kwanza namaliza mzunguko wangu, nikaona hapa ndipo mahali pa kusamehewa.

"Hongera sana, Mama Mahona," nikasema. "Na mimi leo ni wa kumi na tisa."

Alifuta macho, akaangalia rundo langu. "Kumi na nane."

"Mama, mimi ni Katibu. Nimeandika. Ni kumi na tisa."

Mama Mahona aliokota kokoto moja, akaipuliza vumbi taratibu, akairudisha kule zilikotoka.

"Kumi na saba," akasema.