Kitengo cha Mandhari na Picha

Jumamosi hiyo Muhuri aliona mabibi harusi watatu wakigombea tao moja la maua mekundu katika bustani ya jiji, roho yake ikacheza ngoma. Watu wazima, wamevaa vizuri, wana haraka, na wanataka kitu ambacho hakina mwenyewe! Riziki gani tena ije na shela kichwani?

Jina la Muhuri alilipata mtaani, kwa sababu hakutoka nyumbani bila muhuri wa mpira mfukoni. Na nyumbani kwenyewe kulikuwa ni sofa la dada yake, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amemwambia, "Kaka, wiki ijayo siku kama ya leo nalitaka sofa langu. Likiwa tupu."

Akatoa kwenye begi kizibao cha kung'aa, akakivaa, akapuliza firimbi.

"Jamani, jamani! Kibali cha picha kiko wapi?"

Kabla bibi harusi yeyote hajajibu, bwana mmoja mnene mwenye suti ya kijivu alimshika kiwiko na kumvuta pembeni.

"Wewe ni nani, mkuu?"

"Afisa. Kitengo cha Mandhari na Picha."

"Ndiyo kwanza nakisikia."

"Ni kipya. Hata sisi wenyewe tunakizoea."

Bwana akacheka, akasogeza mdomo sikioni. Yeye, alisema, ana ukumbi wa harusi. Analitaka tao lile liwe la maharusi wake peke yao. Wengine wakapigie picha kituo cha basi.

Muhuri aliinamisha kichwa kwa huzuni, kama mtu anayeombwa kumuuza mama yake, kisha akauliza, "Peke yao kabisa?"

"Kabisa. Lakini tazama maua yalivyonywea! Mabenchi yamebabuka rangi! Jumamosi ijayo nikikuta pamependeza, bahasha yako hii hapa." Akapigapiga kifua cha koti. Kitu kikalia kwa ndani, *kra kra*, sauti tamu kuliko kinanda.

Hapo ndipo alipotokea Mama Bustani, mwanamke mwembamba mwenye mabuti ya mpira, mtunzaji pekee aliyebaki pale. Alikitazama kile kizibao, machozi yakamlenga.

"Hatimaye wamekuleta! Miaka miwili naandika barua ofisini naomba mtu! Shika hapa, mwanangu."

Akamtia mpira wa maji mkononi. Muhuri alifungua mdomo akatae. Bwana wa suti alikuwa akimwangalia. Akaufunga mdomo, akafungua bomba.

Ndugu msomaji, mikono ya Muhuri ilikuwa laini kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kufikia Jumatatu ilikuwa na malengelenge. Jumanne alipogolea ua wa michongoma, Jumatano akasukuma toroli la mbolea lililomfuata kwa harufu hadi kwenye sofa, na dada yake akafungua madirisha yote. Alhamisi alipaka mabenchi rangi, akasahau, akalikalia moja.

"Mama, hivi lazima na nyuma ya ua?" alilia Ijumaa. "Nani atapaona?"

"Bibi harusi atapaona. Kesho kuna binti anakuja, mwanangu. Ukumbi hawauwezi, hata wa viti vya kuazima. Tangu mdogo anasema ataolewa chini ya tao hili." Akang'oa gugu moja. "Nilishaanza kuogopa atasimama chini ya vijiti."

Muhuri alinung'unika. Lakini nyuma ya ua alipafagia mara mbili, na mwenyewe hakujua kwa nini.

Jumamosi maua yalikuwa yamefumka, mekundu hadi yanatia aibu. Bwana wa suti aliingia getini, amemshika mkono binti aliyevaa shela. Kwa mkono wa pili alikuwa amemshika Mama Bustani, bila mabuti, amependeza vibaya sana.

Muhuri aliwatazama mmoja mmoja.

"Mzee... ukumbi wako uko wapi?"

"Ukumbi? Mimi naendesha lori la mchanga, kijana. Suti siku ile nilikuwa naijaribu kwa ajili ya leo. Huyu mke wangu, huyu mwanangu."

"Na bahasha?"

"Bahasha ni haki yako." Akaitoa. Ndani mlikuwa na kadi ya mwaliko: *Afisa na Mwenzi Wake.*

"Mmenitapeli!"

"Usijisikie vibaya," alisema Mama Bustani. "Yule afisa wa Kitengo cha Mabenchi ndiye aliyeyapigilia haya. Mtaro ule aliuchimba wa Kitengo cha Mvua. Bila ninyi bustani hii ingekuwa jalala."

Bibi harusi alimkumbatia, shela na yote. "Asante, kaka. Tao ni zuri kuliko nilivyoliota."

Muhuri alitaka kukasirika akashindwa. Alikula sahani tatu, akacheza, na jioni aliponong'ona kwamba sofa limekwisha muda wake, Mama Bustani alimpa ufunguo wa kibanda cha zana. Kilikuwa na kitanda, na dirisha lililotazama tao.

Wiki ya pili yake, alikuwa akimwagilia aliposikia firimbi. Kijana nadhifu, tai shingoni, daftari mkononi, alikuwa akiwainua watu kwenye nyasi.

"Kitengo cha Vivuli! Kila anayekaa chini ya mti aonyeshe kibali!"

Muhuri alimtazama kwa upendo wote duniani. Machozi yakamlenga.

"Hatimaye wamekuleta!" alisema, akamtia mpira wa maji mkononi. "Shika hapa, mwanangu."