Siku Tisa za Kujenga Kinga

Jumatatu, 16 Juni

Wamepiga simu! Kampuni inayomwagia maji barabara za mgodini inataka dereva wa boza. Nafasi ni moja. Tumeitwa wawili: mimi Bujiku, na Luka, jirani yangu wa ukuta mmoja. Vipimo vya afya ni Jumatano ya wiki ijayo, tarehe 25, saa mbili asubuhi, getini.

Asteria hakushangilia. Amesema miaka minne nimekuwa kibarua kwenye karasha la watu, nasaga mawe, na nyumbani naleta vumbi tu. Amesema nikikosa hii anamchukua mtoto wetu Vumilia wanarudi Samuye kwa mama yake. Hakupaza sauti. Hapo ndipo nilipoogopa. Mke wangu akipaza sauti huwa mambo yanaisha.

Mama yake mwenyewe yuko hapa tangu Jumamosi. Alikuja na kuku mmoja mwekundu, mfuko wa unga wa kimea kwa ajili ya uji wa mjukuu, na begi kubwa tupu. Begi tupu la nini?

Tatizo ni mafua. Kata yetu ya Kalangalala nzima inakohoa. Watu wanasema ukifika pale getini na homa, unageuzwa hapo hapo. Kwa hiyo nina siku tisa za kujenga kinga ya mwili. Watu wengine hujenga nyumba kwa siku chache kuliko hizo. Naweza.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda duka la dawa kwa dada Vaishali. Nimemwomba kitu kikali cha kuongeza kinga. Badala ya kufungua kabati akaanza kunihoji. Nalala saa ngapi? Mboga za majani nilikula lini? Maji nakunywa kiasi gani? Nilimwambia mimi ni mtu mzima, sikuja kliniki ya watoto.

Akasema kinga haiuzwi kwenye chupa. Nilale saa saba au nane, nile mchicha na matunda, ninawe mikono kwa sabuni, nitembee, nifungue madirisha, nipunguze wasiwasi. Vyote vya bure! Mwenye duka gani anamwambia mteja aende kulala? Huyu dada hatajenga ghorofa.

Wakati natoka, Luka huyo, anatoka duka la pili na sabuni ya mche. Mche mzima. Mwanaume anayeishi peke yake, mche mzima wa nini? Nimeandika hapa nisisahau. Kuna kitu anaficha.

Alhamisi, 19 Juni

Zimebaki siku sita. Nimetengeneza dawa yangu mwenyewe.

Tangawizi kilo moja. Vitunguu saumu, vichwa ishirini. Malimau. Pilipili kichaa. Asali mbichi ya Bukombe, nusu ya chupa ya mezani, na Asteria hajajua. Vyote nimetwanga, nikavitia kwenye kidumu cha lita tano na maji ya uvuguvugu.

Halafu likanijia wazo. Ule unga wa kimea wa mkwe! Kama unamfanya mtoto awe na mashavu, mtu mzima utamfanya nini? Nilichota vikombe vitatu wakati mama anaota jua. Nikatikisa. Nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikakipandisha juu ya boriti, chini kabisa ya bati, mahali joto linapochoma. Dawa itajipika yenyewe bila mkaa.

Najivunia. Sikusomea lakini akili ninayo.

Ijumaa, 20 Juni

Leo kazi ilikuwa upelelezi. Nimekaa nyuma ya uzio wa matete asubuhi nzima nikimtazama Luka. Kanawa mikono. Kafagia. Kanawa tena. Kapika mlenda na samaki, kala, kamalizia na papai. Kafungua madirisha yote mawili kwenye vumbi hili. Katembea mpaka bombani na ndoo mbili, hakutumia hata baiskeli. Taa ya chumbani kwake huzimwa saa tatu, nimeshahakikisha siku tatu mfululizo.

Hakuna mtu anayeishi hivyo. Amejua namwangalia, anaigiza. Dawa yake halisi anainywa nikiondoka.

Basi nikaona nimpunguze nguvu. Mwenzangu wa karasha, George, ana kikohozi cha wiki mbili kinachosikika mpaka sokoni. Nilimtuma kwa Luka kuazima koleo, nikamsisitiza akae aongee, asiwe na haraka. Najua si vizuri. Lakini nafasi ni moja, na mtoto wangu ni mmoja.

George amerudi baada ya saa nzima anang'aa. Luka kampa kiti nje, penye upepo. Kampa chai ya moto ya tangawizi. Kamwambia akohoe kwenye kiwiko na aende zahanati. Kikombe kakiosha kwa maji ya moto. Haya yote George amenisimulia ndani ya chumba changu, mlango umefungwa, amekaa karibu yangu, anakohoa kila baada ya sentensi.

Koo langu linawasha.

Jumamosi, 21 Juni

Koo bado. Asteria ametoa lile begi tupu na kulipangusa vumbi, eti ni usafi wa kawaida.

Nimekishusha kidumu kabla ya kwenda kanisani. Kimevimba! Nilipolegeza kifuniko kilipiga yowe na povu likaruka mpaka ukutani. Dawa iko hai. Sijawahi kuona dawa yenye nguvu kiasi hiki. Nilikunywa kikombe kimoja. Joto likashuka mpaka kwenye vidole vya miguu. Muwasho wa koo ukapotea pale pale, na wasiwasi wote nao.

Mimi ni Msabato wa kuzaliwa, lakini leo nimeimba kuliko siku zote. Nilipandisha sauti ya pili mpaka ikawa ya kwanza. Majirani wa benchi walisogea wote upande mmoja kwa ajili ya harufu ya vitunguu saumu. Mzee wa kanisa aliniuliza kama najisikia vizuri. Nikamwambia sijawahi kujisikia vizuri hivi tangu nibatizwe.

Jumapili, 22 Juni

Tukio la ajabu, na la kusikitisha.

Lazima nieleze kwa ajili ya Vumilia, huenda siku moja akasoma. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, wala hawasemezani hivi hivi. Ni heshima. Nikiwa ukumbini, yeye yuko jikoni. Akitaka chumvi, Asteria ndiye huniambia. Tangu nioe sijui hata macho ya mama yakoje.

Leo Asteria alikwenda sokoni na mtoto. Mimi nipo ndani, mama yupo uani. Nikasikia kidumu kinafunguliwa. Nilikuwa nimekisahau chini, kando ya mlango! Nikasikia mtu anameza. Mara moja. Kimya. Akameza mara tatu nyingine. Siwezi kutoka kumkataza mkwe, nitamtazama wapi?

Halafu akaanza kuongea na kuku. Kwa sauti kubwa, akielekea mlangoni kwangu. Akamwambia kuku kwamba mwenye kidumu hiki ajihadhari nacho. Kwamba yeye ametengeneza kitu hiki miaka thelathini pale Samuye, msimu kwa msimu, anakijua kwa harufu tu, vitunguu saumu havimdanganyi. Kwamba mwenye nacho asikiguse kabisa siku ya kwenda kwa wakubwa. Akarudia mara ya pili, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Kuku akaendelea kudonoa.

Maskini mama. Umri umemfika. Anaongea na kuku.

Lakini nimewaza tena, na sasa naona vizuri zaidi. Miaka thelathini! Anataka kudai kwamba dawa ni yake. Na ananitisha nisiinywe ili abaki nayo. Nimekirudisha kidumu juu ya boriti na kukifunika kwa gunia.

Jioni Asteria alikuja na kuanza kusema kwamba mama ana neno kuhusu kile kidumu. Nilimkatiza. Nilimwambia sipokei maneno ya kuku. Akasema haya basi, akarudi jikoni.

Jumanne, 24 Juni

Kesho.

Luka alipita asubuhi. Alimsalimia mama kwa Kisukuma kizuri, mwangaluka mayu, naye akajibu kwa furaha. Akaniambia tuongozane kesho, na leo tule vizuri tulale mapema. Eti yeyote atakayepata, mwenzake asinune. Anataka nilegee. Sikulegea.

Vumilia aliniuliza kama Samuye kuna shule, na kama kule atakaa karibu na dirisha. Nilimwambia kesho baba atakuwa dereva wa gari kubwa kuliko nyumba yetu. Akauliza kama litamwaga maji na kwenye maua ya mwalimu. Nikasema ndiyo.

Ninaogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nimekunywa kikombe kimoja hofu ikapungua, nikaongeza cha pili ili ipungue zaidi.

Jumatano, 25 Juni

Asubuhi vikombe viwili, na kichupa kimoja mfukoni kwa dharura. Vitunguu saumu vya kutosha. Sikukohoa hata mara moja njia nzima. Luka yeye alikunywa maji tu.

Getini kulikuwa na foleni. Daktari yuko ndani, kwenye jengo jeupe, nikaliona kwa macho yangu. Lakini kabla ya kuingia kuna mlinzi na kimashine kidogo cha mkononi. Kila mtu anapuliza: mafundi, wapishi, mabosi. Ndiyo utaratibu wa pale, asubuhi na asubuhi. Mimi nilidhani ni cha kupima mapafu, nikafurahi. Mapafu ninayo.

Luka alipuliza. Taa ya kijani. Nilipuliza mimi, kwa nguvu zote, nimpite.

Kimashine kililia. Mlinzi akakitazama, akanitazama, akasema nirudie. Kikalia tena. Akaleta kingine. Hicho nacho kikalia. Foleni yote ikageuka kunitazama. Mlinzi akaniuliza kwa upole nimekunywa pombe gani asubuhi yote hii. Pombe! Mimi! Niliapa mbele ya watu kwamba mimi ni Msabato, kwetu pombe haijawahi kuvuka kizingiti, sijui hata inanukaje. Nikasema ni dawa ya kinga. Nikatoa kichupa mfukoni kuwathibitishia.

Mlinzi wa pili ni mtu wa Mhunze, upande ule ule wa Samuye. Alifungua, akanusa, akafumba macho. Akasema bibi yake alikuwa anatengeneza hii hii wakati wa mavuno, ila ya bibi haikuwa na pilipili. Akauliza kama nilitia kimea. Nikasema vikombe vitatu. Akasema basi imeiva.

Walicheka, lakini si kwa ubaya. Hilo ndilo liliniumiza zaidi. Nesi mmoja alinionea huruma akanipima joto pale pale kwenye benchi. Safi kabisa. Sina homa, sina mafua, sina kitu. Jina langu wakalikata kwa mstari.

Luka alitoka saa sita na kofia ngumu mkononi. Alinishika bega, kisha akaenda kunawa mikono.

Alhamisi, 26 Juni

Wameondoka na basi la asubuhi. Lile begi sasa limejaa.

Nilimwambia Asteria ni bahati mbaya, kazi nyingine zitakuja. Amesema haondoki kwa sababu ya kazi. Anaondoka kwa sababu kwa siku tisa kila mtu aliniambia, na hakuna hata mmoja niliyemsikia. Nikianza kusikia, nipige simu. Vumilia alinipungia mkono akiwa mgongoni kwa bibi yake, mtoto wa miaka sita, na bado alibebwa kwa sababu alikuwa analia.

Mama mkwe alisimama mlangoni kunipa mgongo, kama heshima inavyotaka. Akaongea na mlango. Akauambia mlango kwamba yeye alimtuma kuku, akamtuma na Asteria. Alitamani avunje mwiko aniambie usoni, na sasa anajuta hakuvunja. Ameniachia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na kuku amemwacha.

Nilikaa sakafuni nikalia. Chumba kina nafasi nyingi mno.

Jumamosi, 28 Juni

Kumekucha vizuri! Luka amepita na boza, amelisimamisha barabarani kunisalimia. Ananiambia Agosti wataita madereva wengine wawili. Jina langu linaweza kurudi, amewauliza. Akaniambia nilale, nile mboga, ninawe mikono, ninywe maji, na nisinywe kitu chochote kisichoeleweka. Nilimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Nimebadilika. Nitampigia Asteria, nimweleze jinsi nilivyosikia.

Na nimeshatafakari kosa langu kwa utulivu. Kosa lilikuwa moja tu, kimea. Vingine vyote vilifanya kazi, nesi mwenyewe alithibitisha sina homa. Kwa hiyo sitagusa kimea tena maisha yangu yote. Mara hii nimetumia matunda, kama dada Vaishali na Luka walivyosema. Nimepata ndizi mbivu, zile zilizolainika na kuwa nyeusi, sukari yake yote imetoka nje. Nimezikamua kwa majani, nikatia tangawizi na asali iliyobaki, nikakaza kifuniko. Kidumu kiko juu ya boriti, chini ya bati. Mpaka Agosti dawa itakuwa na nguvu za kutosha. Simu nitapiga hapo, niwe na cha kuonyesha.

Kuku amekuja mlangoni. Amesimama muda mrefu, anakitazama kidumu, kisha ananitazama mimi. Nimemfukuza.