Macho Wazi Ofisi ya Kodi

Jumatatu, 24 Juni
Nimethibitishwa! Ofisi ya kodi imekubali kwamba mimi ni mimi. Karani kanipiga picha, kailinganisha na kitambulisho, akasema ritani yangu, ile fomu ya kodi ya mwaka, sasa itashughulikiwa, na marejesho ya kodi niliyolipa kupita kiasi yataingia yenyewe. Nikae nyumbani, nisiguse kitu. Rahisi! Pesa zikiingia naikomboa cherehani ya marehemu mke wangu. Fundi aliyeitengeneza amechoka kuningoja. Mwezi ukiisha, anaiuza.

Jumanne, 25 Juni
Wasiwasi. Nahisi pale nilifumba macho. Hufumba kila picha, hata ya harusi. Kwenye kitambulisho tu nimeyakodoa, kwa sababu marehemu alinifinya kiunoni. Nani wa kunifinya sasa?
Shemeji, kaka yake marehemu, kapita. Marejesho yake yameshatoka. Kavaa viatu vipya, anatembea kwa kishindo ili nivisikie. Nikamweleza. Akauliza kama nikitulia kidogo nitakufa. Wivu tu!

Jumatano, 26 Juni
Nimerudi ofisini kwa siri, na kofia. Nikaomba picha nyingine. Karani akauliza ya kwanza ina kasoro gani. Nikasema huenda yule si mimi.
Kosa! Akaitwa msimamizi. Ritani imesimamishwa, nithibitishwe upya Ijumaa. Kisha karani akanigeuzia kompyuta nione. Macho wazi kabisa! Na hakuna aliyenifinya. Nikaitazama picha ile mpaka foleni ikaguna.

Ijumaa, 28 Juni
Safari hii sibahatishi. Nimemwomba shemeji aje kunifinya. Kanitukana, kisha kaja. Ana vidole kama koleo! Nikapiga yowe, mlinzi akaja mbio. Picha imetoka macho wazi, na mdomo pia. Karani akasema inatosha, mzee, nenda, na tafadhali usirudi.
Njiani shemeji akasema dada yake alikuwa akimfinya hivyo hivyo utotoni, asisinzie ibadani. Tukacheka sana.

Jumapili, 30 Juni
Pesa hazijaingia. Nimekwenda kumbembeleza fundi. Cherehani haipo! Imechukuliwa asubuhi. Sikusubiri kuuliza na nani. Nimerudi nikiburuta miguu.
Nikaikuta nyumbani, dirishani pale pale pake. Shemeji anaipangusa vumbi, kavaa kandambili. Nikauliza viatu viko wapi. Akasema vilikuwa vinambana, kavirudisha dukani. Nikasema kweli, niliona vinambana. Nikaenda jikoni kuchemsha chai. Nikakaa huko muda mrefu kidogo.

Jumatatu, 1 Julai
Ujumbe wa ofisi ya kodi! Ritani imepitishwa, pesa zinakuja wiki hii, nisifanye lolote. Cha kwanza, viatu vya shemeji.
Ila nimewaza. Faili langu sasa lina picha ya mtu anayepiga yowe, na ile ya kwanza, niliyofumbua macho mwenyewe, wameiweka kando. Haifai. Kesho mapema nakwenda kuwaomba waibadilishe. Dakika moja tu. Kofia iko tayari. Shemeji asijue.